Somo la Kikundi: Safari ya Kwenda Kumpokea Mtoto

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 46:1-7 na 28-30, Mwanzo 48:1-12, Wagalatia 4:4-7.



Mwezi uliopita, katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia, liliulizwa swali ambalo halikupata jibu mpaka giza likatukuta. Familia moja ya mtaa wetu, baba, mama na watoto wawili, imekubaliwa na Ustawi wa Jamii kumlea, na hapo baadaye kumwasili, mtoto aliye katika makao ya watoto mbali na hapa Mpanda. Wameambiwa waende wakaonane naye. Kwa kuwa watoto wao wawili hawajavuka Tabora tangu wazaliwe, wazazi wakaona vema wapitilize kwanza mpaka Dar es Salaam na Unguja, waone bahari na Kanisa Kuu la Mkunazini, kisha warudi bara wakamchukue mwenzao.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema ni haki yao, nauli ni ya kwao. Lakini mama mmoja mzee wa UMAKI akanigeukia akasema, “Mwalimu, mtoto si mzigo wa stesheni, uuache pale mpaka umalize shughuli zako. Yule anangoja.” Hapo kikundi kizima kikanyamaza, na mimi nikapewa kazi ya kuandika somo hili.

Yafaa tuanze na Maandiko, maana baadhi yetu tulidhani hayasemi lolote juu ya jambo hili. Someni Mwanzo 46. Yakobo amepata habari kwamba Yusufu, mtoto aliyemlilia kama mfu, yu hai huko Misri. Hamu ya mzee huyo mwaweza kuikisia wenyewe. Hata hivyo hakwenda moja kwa moja. Alifunga safari na jamaa yake yote, wake kwa watoto, na alipofika Beer-sheba akasimama. Hapo alitoa dhabihu kwa Mungu wa baba yake Isaka, na usiku Mungu akasema naye, akamwondolea hofu ya kushuka katika nchi ya kigeni. Ndipo akaendelea. Tena, alipokaribia kufika, alimtuma Yuda atangulie mbele yake kwa Yusufu, ili njia ijulikane na watu wa kule wajue kwamba wazee wanakuja.

Basi kusimama njiani si dhambi. Mtu aliyekuwa na haraka kuliko sisi sote alisimama. Lakini tazameni alisimama kwa kazi gani: alikuwa anaogopa, naye akaipeleka hofu yake mahali panapostahili kabla hajaonana na mtoto. Pia hakumwacha yule anayengoja gizani, maana alituma mtu mbele. Mambo haya mawili nitayarudia, kwa sababu naona ndiyo yanayokosekana katika safari zetu nyingi.

Sasa fungueni Mwanzo 48. Yakobo mgonjwa anawafanya Efraimu na Manase kuwa wanawe mwenyewe, sawasawa na Reubeni na Simeoni. Huku ndiko kuasili kwenyewe, pamoja na urithi. Mara nyingi sisi walimu tunakimbilia habari ya mikono iliyopishana na kuruka jambo moja. Sura ya 47 mstari wa 28 yatuambia kwamba Yakobo alikuwa amekaa Misri miaka 17. Vijana wale walizaliwa huko kabla hajafika. Mama yao alikuwa Mmisri, na bila shaka lugha yao ya nyumbani ilikuwa ya kule. Babu alikaa katika nchi yao, akala chakula cha nchi yao, akayajua maisha yao, na mwisho ndipo aliposema, hawa ni wangu. (Wala tusiwaone kama watoto wachanga wa picha za Shule ya Jumapili. Ukihesabu miaka, walikuwa wanaume wazima.)

Sheria ya nchi yetu, bila kukusudia kufundisha Biblia, imefanana na habari hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni asiye raia awe amekaa Tanzania miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya usimamizi wa ofisa ustawi wa jamii. Ndipo Mahakama Kuu inaweza kumpa amri ya kumwasili. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kuja kutazama viboko wa mto Katuma siku ya Jumatatu akaondoka na mtoto siku ya Ijumaa. Hata sisi raia hatupewi mtoto kwa siku moja. Ofisa huja nyumbani, huangalia mahali mtoto atakapolala, huuliza majirani. Kisha mtoto hukaa kwanza katika malezi ya kambo, na baadaye ndipo shauri huenda Mahakama Kuu. Wapo wanaolalamika kwamba ni mzunguko mrefu. Mimi silalamiki. Watoto wamewahi kuchukuliwa kwa njia fupi, nasi twajua walikofikia: jikoni mwa watu, wakichota maji huku watoto wa nyumba ile wakienda shule.

Katika nchi nyingine mambo yalikwenda kwa namna tofauti. China ilianza kuwapa wageni watoto wake kwa wingi baada ya sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 1992, na mpaka ilipofunga mlango huo mwaka 2024 watoto zaidi ya 160,000 walikuwa wamekwenda ng’ambo, nusu yao hivi Marekani. Ikawa desturi ya familia nyingi kufika kwanza Beijing, pamoja na watoto wao wa kuzaa, kukaa siku mbili tatu, kuuona Ukuta Mkuu na majumba ya wafalme wa zamani, kisha kwenda katika jimbo la mtoto na kukabidhiwa. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu ya maana. Walisema mtoto atakapokua na kuuliza kwao kukoje, wasije wakamjibu kwamba waliona uwanja wa ndege na ofisi tu. Tena miili yao ilikuwa imechoka kwa safari na usiku wao umegeuka mchana, na mtu wa namna hiyo si vema akabidhiwe mtoto anayelia.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na utaratibu mwingine kabla serikali yao haijasimamisha kuwapa wageni watoto, Novemba 2014. Huko mgeni alilazimika kukaa nchini miezi mingi, akimlea mtoto, huku akisubiri mahakama. Kwa hiyo matembezi, kama yalikuwapo, waliyafanya pamoja na mtoto mwenyewe. Waliona twiga wakiwa naye mgongoni. Ethiopia nayo ilipiga marufuku jambo hilo kabisa mwanzoni mwa mwaka 2018. Katika taratibu hizi zote mimi naipenda zaidi ile ya kutembea pamoja na mtoto, na sababu zangu ninazo.

Miaka mingi iliyopita mimi na mwenzangu tulipokea mtoto wa kike wa miaka minne. Tulikuwa na kijana wetu wa miaka minane, nasi tulikuwa tumemwahidi bahari. Tulipanda treni hapa Mpanda, mwisho wa reli, tukapita Kaliua na Tabora, tukafika Dar es Salaam tukiwa na vumbi masikioni. Siku tatu tulitembea. Tuliona Makumbusho ya Taifa, tukavuka kivuko kwenda Kigamboni, tukapiga picha. Kijana alifurahi mno, na furaha ile siijutii. Kosa letu lilikuwa kwamba fedha ziliisha. Tulikuwa tumepanga kukaa karibu na makao yale siku nne ili mtoto atuzoee kidogo kidogo. Zikabaki fedha za usiku mmoja tu. Tulifika jioni, tukasalimiana naye, kesho yake asubuhi tukamchukua tukaenda naye stesheni.

Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye kandambili moja, kikombe na kipande cha kanga. Hakutaka mtu auguse. Alilia toka Dar es Salaam mpaka tulipopita Morogoro, akalala, akaamka akalia tena. Abiria wakaanza kututazama. Huko mbele askari wa treni akaja na kutuuliza kwa upole huyu ni mtoto wa nani. Tulikuwa na barua ya Ustawi wa Jamii, tukamwonyesha, akatuamini. Lakini swali lake lilinichoma, kwa kuwa saa ile hata mimi nisingeweza kulijibu kwa moyo mkunjufu. Kijana wetu ndiye aliyetuokoa. Alimwambia, “Wewe usilie, mimi nimeiona bahari, ni maji tu.” Kisha, baada ya kufikiri kidogo, akatuuliza sisi: “Yeye mbona hatukumpeleka?”

Hatukuwa na jibu. Mtoto aliishi karibu na bahari ile tangu kuzaliwa, nasi hatukujua kama aliwahi kupelekwa ufukoni. Tulikuwa tumeitazama nchi yake bila yeye.

Ndugu wasomaji, sisemi haya ili wale wa mtaa wetu waahirishe Unguja. Nasema ili tupime. Wale watoto wawili nao wana haki yao. Kwa muda mrefu wamesikia nyumbani habari za mtoto mmoja tu, fomu zake, kitanda chake, jina lake. Safari ya kwenda kumpokea ndiyo mara ya mwisho familia hiyo kuwa ya watu wanne. Mzazi mwenye busara hupenda kuwapa kitu cha kukumbuka, na moyo wa mtoto aliyepewa nafasi yake huwa mwepesi kumpa mwingine nafasi. Mwana mkubwa katika mfano wa Mwana Mpotevu aligoma kuingia nyumbani kwa sababu alisikia ngoma kabla hajaambiwa habari. Hatujui angefanyaje kama baba angemwendea shambani mapema.

Lakini je, ni lazima jambo hilo lifanyike huko mbali, tena katika juma lile lile? Hapa kwetu tuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kuongezwa eneo mwaka 1998, na Sitalike haifiki kilomita 40 kutoka mjini. Wageni wanavuka bahari kuja kuona viboko walivyosongamana katika madimbwi ya kiangazi, na watoto wa Mpanda, nathubutu kusema wengi wao, wanawajua viboko kwa picha ya daftari. Wazazi wale wangeweza kuwapeleka watoto wao Sitalike mwezi mmoja kabla ya safari, kwa gharama ndogo, siku ambayo hakuna mtu anayewangoja. Kisha waende moja kwa moja kwa mtoto, na bahari waione wote watano hapo baadaye, atakapokuwa amekwisha kuzoea mkono wa kushika.

Tena liko jambo la aibu ambalo lazima nilitaje. Siku hizi wako watu, wageni kwa wenyeji, ambao wakimaliza kutazama wanyama huuliza kama kuna makao ya yatima ya kutembelea. Huingia na pipi, hubeba watoto, hupiga picha, na jua likitua wameondoka. Mtoto aliyebebwa na watu kumi katika mwezi mmoja na kuwekwa chini na wote kumi hujifunza jambo fulani juu ya watu wazima. Ndipo mzazi wa kweli anapofika na kamera shingoni, mtoto humhesabu kuwa ni wa kumi na moja. Kwa hiyo, ikiwa mmepitia matembezi, wekeni angalau usiku mmoja katikati. Fueni nguo, wekeni kamera sandukuni, salini pamoja na watoto wenu. Hiyo ndiyo Beer-sheba yenu. Na kama Yakobo alivyomtuma Yuda, tumeni kitu mbele: picha ya nyumba na ya watu wote wanne, pamoja na majina, ili walezi wamwonyeshe mtoto kila jioni. Kuna mama mmoja aliyetuma kanga aliyokwisha kuilalia, ili mtoto aizoee harufu yake. Watu walimcheka, lakini mtoto alipokabidhiwa hakulia sana.

Nikirudi kwenye Kanisa Kuu la Mkunazini, nakiri kwamba wale wazazi hawakuchagua mahali pabaya. Askofu Steere alianza kulijenga mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Kabla ya hapo, mwaka 1864, Askofu Tozer alipofika Unguja alipewa na Sultani wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule ya misheni. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Mwingine aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, Cecil Majaliwa, alipata ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Nasi wa Katavi tunaye wa kwetu, ingawa ni wa ndugu zetu Wakatoliki: Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika ya Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa ufuko ule wa Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Kanisa letu lilijengwa na watoto wa kupokelewa. Nawashangaa Wakristo wanaomwita mtoto kama huyo “wa kuokota”.

Hapo ndipo penye jambo zito kuliko habari ya matembezi. Mtume Paulo, katika Wagalatia 4, asema kwamba Mungu alimtuma Mwanawe ili sisi tufanywe wana, na kwamba aliyefanywa mwana si mtumwa tena bali mrithi. Wazee wa Katumba na Mishamo wanalifahamu fungu hili bila kufafanuliwa. Walikimbia Burundi mwaka 1972, wakafyeka misitu hii, wakalima, wakazaa. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi yale pamoja na Ulyankulu, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Mzee mmoja aliniambia, “Mwalimu, karatasi nimepewa siku moja, lakini sokoni niliendelea kuitwa mkimbizi.” Mahakama Kuu nayo itampa mtoto wetu karatasi. Itampa jina na haki ya kurithi. Lakini kule kisimani, shuleni na katika ibada, sisi ndio tutakaoamua kama karatasi ile ni ya kweli.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama wa UMAKI hivi: ni kweli mtoto anangoja, na wazazi wale wameambiwa. Wamekubali kupunguza safari, Unguja itangoja likizo ya mwakani. Lakini na sisi tunaye anayetungoja. Treni itakapofika Mpanda, nani atakuwa stesheni? Ndugu wasijae pale mia moja na vigelegele, mtoto ataogopa. Watu wawili watatu watosha, na uji wa moto nyumbani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Kwa nini Yakobo aliogopa kushuka Misri, ingawa alikuwa anakwenda kwa mwanawe? Wazazi wanaokwenda kumpokea mtoto huogopa nini, na nani katika mtaa wenu amewahi kuwauliza?

Efraimu na Manase waliitwa wana wa Yakobo, lakini hawakuambiwa wamsahau mama yao Mmisri. Mtoto wa kuasili aambiwe lini na namna gani habari za alikotoka?

Je, nyumbani mwako au kwa jirani yako yuko mtoto wa ndugu aliyeletwa “kusoma”, naye anasoma kweli?

Familia ikirudi na mtoto mpya, Shule ya Jumapili itamtambulisha kwa maneno gani? Mwandike maneno yenyewe, kisha mwasome kwa sauti mbele ya mtu aliyewahi kupokelewa hivyo, mmwulize kama yanafaa.